Waverley, meli ya makafi ya Scotland: mvuke wa kweli au mapambo? Na kwa Lamu je?

MkunguniLeo

Assalaam alaykum wanajukwaa. Hapa Mkunguni ubishi haujaisha tangu watu waanze kutumiana video ya meli moja ya Scotland iitwayo Waverley. Ina dohani mbili zenye rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, magurudumu mawili makubwa ya makafi ubavuni, na sitaha imejaa watu wanaopunga upepo. Upande mmoja unasema ndani imefichwa dizeli na magurudumu ni ya kuwapendeza watalii tu. Upande wa pili unasema ni mvuke kama zamani.

Naomba historia yake yenye tarehe, si ya kusikia. Pia nataka kujua magurudumu hayo yanafanyaje kazi baharini, kwani mimi nimezoea kudhani ni kitu cha mtoni. Halafu kuna hili la Lamu: wanasema meli hizi zinaelea kwenye maji machache. Je, ya aina hiyo ingeweza kutembeza wageni Lamu, Manda na Pate kwa kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, bila kungoja maji yajae? Wenye ujuzi wa injini na wa bahari tafadhali.

KumbukumbuZaPwani

Wa alaykum salaam. Waliosema mvuke wameshinda. Magurudumu ya Waverley yanazungushwa na injini ileile ya mvuke iliyowekwa ilipojengwa. Kilichobadilishwa ni boila, tena zaidi ya mara moja.

Kulikuwa na Waverley nyingine kabla ya hii, ya mwaka 1899, nayo ilikuwa ya matembezi katika mto Clyde na ghuba yake. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka ikachukuliwa na jeshi la majini kusafisha mabomu ya baharini, na tarehe 29 Mei 1940 ndege za Wajerumani zikaizamisha karibu na Dunkirk wakati wa kuwaokoa askari. Kampuni ya reli ya LNER, ambayo ilikuwa na meli zake za kupokea abiria wa treni, ikaagiza nyingine ya kuziba pengo. Ilijengwa na A. & J. Inglis wa Glasgow, ikashushwa majini tarehe 2 Oktoba 1946, ikavutwa hadi Greenock kuwekewa injini na Rankin & Blackmore, na ikaanza kubeba abiria Juni 1947. Urefu ni mita 73 na kitu, tani za usajili 693.

Watu hulipita jambo moja: hakuna aliyeijenga iwe kumbukumbu. Ilikuwa chombo cha kazi. Reli ilifika hadi gati la Craigendoran, abiria wakashuka kwenye treni na kupanda meli kwenda Lochgoilhead na Arrochar, jioni wakarudi. Kwa familia za wafanyakazi wa viwanda vya Glasgow hiyo ndiyo ilikuwa likizo, na desturi yenyewe ilianzia mbali, tangu Henry Bell alipoanza kubeba abiria kwa meli yake ya mvuke Comet katika mto huohuo mwaka 1812.

Mwaka 1948 reli zikataifishwa, na meli zikaenda nazo. Mwaka 1957 Waverley ikaacha makaa ya mawe ikaanza kuchoma mafuta, jambo lililopunguza idadi ya watu wa kulisha tanuri. Miaka ya sitini magari ya binafsi na ndege za likizo za kwenda Hispania zikala abiria, meli wenzake wakauzwa vyuma chakavu mmoja baada ya mwingine. Baada ya msimu wa 1973 kampuni ya vivuko ya Caledonian MacBrayne ikaiondoa kazini, na mwaka 1974 ikakabidhiwa chama cha wapenda meli za makafi, Paddle Steamer Preservation Society, kwa pauni moja. Hiyo pauni moja husimuliwa kama bahati ya mtende. Kwa maoni yangu bei halisi ilianza kulipwa siku ya pili yake, kwani meli kongwe huuzwa rahisi kwa sababu ya gharama zinazoifuata.

Ilirudi kazini 1975. Julai 1977 ikapanda mwamba wa Gantocks, karibu na Dunoon, ikatengenezwa. Mwaka 1978 ikaanza kushuka kusini kuzunguka pwani za Uingereza na Wales, na nadhani hapo ndipo ilipookoka hasa: msimu wa Clyde peke yake ni mfupi mno kulipa gharama za mwaka mzima. Boila mpya ikaja 1981. Kati ya 2000 na 2003 ikafumuliwa na kujengwa upya huko Great Yarmouth kwa fedha nyingi za bahati nasibu ya taifa, ikapata boila nyingine. Nazo zikachoka: msimu wote wa 2019 haikusafiri, ikachangiwa pauni milioni 2.3, na ikarudi na boila mpya Agosti 2020. Mwezi haujaisha ikagonga gati la Brodick, kisiwa cha Arran, tarehe 3 Septemba, na abiria wakajeruhiwa.

Leo inajulikana kuwa ya mwisho duniani ya aina yake inayobeba abiria baharini. Za ziwani na mtoni bado ziko, Uswisi na kwenye mto Elbe huko Dresden, lakini hizo hazikutani na mawimbi.

FundiMvuke_Malindi

Historia imekaa sawa, Maalim. Mimi nachukua injini na magurudumu.

Silinda ni tatu, zimelazwa kwa mshazari kuelekea shafti yenye viwiko vitatu. Mvuke mmoja hufanya kazi mara tatu. Unaingia silinda ya kwanza yenye kipenyo cha inchi 24, ukitoka umetanuka na shinikizo limeshuka, unaingia ya pili ya inchi 39, kisha ya tatu ya inchi 62. Kila shinikizo linapopungua inabidi uso wa pistoni uwe mpana zaidi ili msukumo usipotee: uso wa pistoni ya tatu ni karibu mara 6.7 ya ule wa kwanza. Pistoni husafiri inchi 66 kwenda na 66 kurudi, yaani sentimita 168 hivi. Jumla ya nguvu ni farasi 2,100.

Shafti yenyewe haina haraka. Mwendo wa kawaida wa noti 14 (maili 14 za baharini kwa saa) unahitaji mizunguko 44 hivi kwa dakika, wakati injini ya kubandika nyuma ya mashua inapita 5,000. Ukigawa, meli inasogea karibu mita 9.8 kwa kila mzunguko. Hakuna gia na hakuna klachi: shafti ya injini ndiyo shafti ya magurudumu yote mawili. Ukitaka kurudi nyuma, unaigeuza injini yenyewe izunguke kinyume kwa kubadilisha mpangilio wa vali. Matokeo yake ni kwamba Waverley haiwezi kuzungusha gurudumu moja mbele na jingine nyuma. Watu wengi hudhani inaweza.

Sasa makafi. Ukikaza mbao moja kwa moja kwenye gurudumu, kila ubao utayapiga maji makofi unapoingia, na utayanyanyua juu unapotoka. Kote kuwili unapoteza nguvu na kuitikisa meli. Dawa yake ni hataza ya Elijah Galloway ya 1829, ambayo William Morgan aliinunua na kuisambaza. Kila kafi limening'inia kwenye bawaba kama mlango, na mgongoni lina mkono mfupi. Kutoka kwenye mkono huo fimbo inakwenda hadi kwenye kitovu cha pili, kilichofungwa kwenye ukuta wa nje wa kisanduku cha gurudumu, mbele kidogo ya kitovu cha shafti. Vitovu viwili visipokuwa mahali pamoja, fimbo huvuta na kusukuma kila gurudumu linapozunguka, na kafi huingia majini limesimama wima, hupita chini wima, hutoka wima. Fimbo moja tu imekazwa imara kwenye pete ya kitovu ili iibebe pete izunguke. Zilizobaki zimeshikwa kwa pini. Waverley ina makafi manane kila gurudumu.

Kinachokula pesa hapo ni bushi za zile pini. Kwa desturi huwekwa lignum vitae, mti mgumu wenye mafuta yake yenyewe, na maji ya bahari ndiyo yanayolainisha. Mchanga ukiingia, bushi inalika, kafi linaanza kugonga. Kugonga kunapanua tundu, fimbo inapinda, na siku likikatika linaviringika ndani ya kisanduku na kuvunja la jirani. Kwa hiyo hukaguliwa kila mara: mtu anaingia kupitia mlango wa kisanduku, anatia mtaimbo chini ya kila kafi na kulinyanyua asikie linacheza kiasi gani, kisha anagonga bolti kwa nyundo ndogo. Bolti iliyolegea hutoa sauti ya kufa.

Kabla hajaingia shafti lazima ifungwe kwa gia ya kugeuzia na pini yake. Hata kama boila ni baridi, mkondo wa maji peke yake unaweza kulizungusha gurudumu na mtu yumo ndani.

Makafi huwa ya mbao mara nyingi, na si kwa sababu ya ubahili. Likikutana na gogo, ubao unavunjika wenyewe na kuzinusuru fimbo na shafti. Ukiweka bamba nene la chuma, kitakachovunjika ni kitu cha ghali zaidi.

Na kuwasha: injini haipewi mvuke ghafla ikiwa baridi. Mvuke ukigusa chuma baridi unageuka maji, na maji hayabanwi. Pistoni ikija mbio ikayakuta, kifuniko cha silinda kinapasuka. Basi unafungua vibomba vya kutolea maji chini ya kila silinda, unaruhusu mvuke kidogo, unaisogeza injini mbele na nyuma polepole hadi kinachotoka vibombani ni mvuke mkavu, ndipo unafunga.

PateKwetu

Fundi, shukran kwa maelezo. Mdogo wako naomba kuuliza: kama ni nzuri hivyo, mbona dunia nzima ilikimbilia rafadha, yale mapanga yanayozunguka chini ya maji nyuma ya meli?

FundiMvuke_Malindi

Kwa sababu gurudumu linataka maji yaliyotulia na meli isiyobadilisha uzito. Safari ndefu ya bahari kuu inaanza na tangi au bohari la makaa limejaa, makafi yamezama mno na injini inalemewa. Ikiisha njiani meli imenyanyuka na makafi yanakwangua povu. Halafu wimbi la ubavuni: meli inalala upande, gurudumu moja linazama hadi kitovuni na jingine linazunguka hewani. Mzigo wote unahamia nusu moja ya shafti, kisha nyingine, kutwa. Shafti huchoka na kuvunjika kwa mtindo huo. Tena kwa manowari kulikuwa na hasara nyingine: magurudumu yako nje, risasi moja inatosha, na yamechukua nafasi ya mizinga.

Jeshi la majini la Uingereza lilizifunga manowari mbili tezi kwa tezi, yaani nyuma kwa nyuma, Aprili 1845, Rattler ya rafadha na Alecto ya makafi. Rattler ikaiburura Alecto kinyumenyume kwa noti 2.8, huku Alecto inasukuma kwa nguvu zake zote. Wataalamu wenyewe walikuwa wamekwisha kuamua kabla ya siku hiyo, na Rattler ilikuwa na nguvu zaidi, kwa hiyo mimi silihesabu kama ushahidi mkubwa. Ila kwa watu wa kawaida lilimaliza maneno.

Kazi ya matembezi ya gati hadi gati ni tofauti. Safari ni fupi, uzito haubadiliki sana, maji yamekingwa na nchi kavu. Makafi hushika maji mara moja, hivyo meli inaondoka upesi na kusimama upesi. Haitetemeki. Visanduku na mabawa yake huongeza sitaha ya kukaa watu bila kuongeza kina. Ndiyo maana zilidumu huko miaka mia moja zaidi kuliko kwenye bahari kuu.

NahodhaWaManda

Tuje Lamu sasa. Waverley inataka maji ya futi 6 na inchi 3, karibu mita 1.9, ikiwa imetulia. Kwa urefu wake hicho ni kina kidogo sana, kweli. Lakini Mkanda wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, yakipwa hubakia tope, hata mashua hungoja. Kwa hiyo jibu la swali la "bila kungoja maji" ni hapana. Hata maji yakijaa, upana unakuja kukukamata: mwili wa meli ni mita 9 na kidogo, ila ukipima kisanduku hadi kisanduku ni zaidi ya mita 17. Mikoko ya ukingoni ina mizizi iliyotokeza hadi ndani ya mkondo, na kisanduku ndicho kitakachoikuta kwanza.

Usukani ni tatizo la pili. Chombo cha rafadha kina maji yanayosukumwa kupita kwenye usukani, kwa hiyo hata kabla hakijashika mwendo ukiukata usukani kinaitika. Kwenye chombo cha makafi maji yanatoka ubavuni, usukani uko peke yake tezini. Bila mwendo hauna usukani. Nahodha anapokaribia gati hana budi kubaki na mwendo hadi karibu sana, na mwendo huohuo ndio unaovunja gati akikosea. Anachofanya ni kuja dhidi ya mkondo, kwa pembe ndogo, anatupa kamba ya omo (mbele ya meli) mapema na kuiachia kamba imvute. Bawa la kisanduku ndilo linalogusa kwanza, na meli huzunguka juu ya hapo, hivyo tezi na omo zinakuwa mbali na gati na mtu asiyezoea hudhani imekwama.

Mbele ya jeti ya Lamu kuna mashua zimefungwa safu mbili tatu. Maji yanayotupwa na gurudumu ubavuni yatazigonganisha zote.

Tena tazameni maji kupwa na kujaa. Bamvua hapa tofauti ni mita tatu hivi. Bawa linalotokeza likiingia chini ya ukingo wa gati maji yakiwa machache, maji yakijaa linanyanyuka na kunaswa. Ama gati linang'oka, ama bawa. Kwa meli kama hiyo unahitaji gati la nguzo zilizonyooka hadi chini bila mabomba wala ngazi zinazochomoza, au gati linaloelea.

Na abiria. Watu mia nane wakikimbilia upande mmoja kuwatazama pomboo pale mlangoni mwa Manda, meli inalala, gurudumu la upande huo linazama, la pili linapanda, na omo linageukia upande usioutaka. Zamani kwenye meli hizi waliweka vigari vya vyuma vizito sitahani, mabaharia wakavisukuma upande wa pili kusawazisha. Siku hizi hutangazwa kwa kipaza sauti, na wanaotii ni wachache.

Nje ya Shela kwenye mlango wa bahari, kusi likikaza Juni na Julai, usithubutu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, maji ya ndani yanafaa, na ndio msimu wa wageni vilevile.

KumbukumbuZaPwani

Mkubwa wa Mkunguni, kabla hatujaendelea, ujue pwani hii imewahi kuwa na meli ya makafi. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa na Kenia, yenye gurudumu moja tezini. Mwaka 1891 Kamanda Dundas aliipandisha mto Tana hadi Hameye, na 1892 akaipandisha mto Juba hadi eneo la Bardera, ambako aliyakuta mabaki ya Welf, meli ya mvuke ya Mjerumani von der Decken iliyoharibika hapo 1865.

Gurudumu la tezini lina maana yake. Mtoni njia ni nyembamba na kuna magogo: mwili wa meli hutangulia na kulifungulia gurudumu njia, na upana wa chombo hauongezeki. Baharini mpangilio huo ni mbaya, kwani wimbi likiinua tezi gurudumu zima liko hewani.

Jingine la kuunganisha: mwenyekiti wa kampuni hiyo, William Mackinnon, alizaliwa Campbeltown, mji wa Scotland ambao Waverley hufika katika safari zake. Ndiye aliyeanzisha British India, kampuni iliyopata mkataba wa meli za barua kati ya Aden na Zanzibar mwaka 1872. Meli ya mvuke iliyopewa jina lake ikaunganishwa upya Kisumu baada ya kuletwa vipande vipande, lakini hiyo ni ya rafadha.

FundiMvuke_Malindi

Nahodha amemaliza ya juu ya maji. Naongeza mawili ya chini ambayo hayaonekani kwenye video.

La kwanza ni joto la bahari. Silinda ile kubwa ya tatu inategemea ombwe la kondensa, ambako mvuke uliotumika hupozwa na maji ya bahari ugeuke maji tena. Scotland maji ni baridi. Mvuke ukipoa hadi nyuzi 40, shinikizo ndani ya kondensa ni karibu baa 0.07. Hapa kwetu bahari ina nyuzi 28, na kondensa ileile ikiishia nyuzi 55, shinikizo ni karibu baa 0.16. Tofauti hiyo inakula nguvu za silinda ya tatu, na utailipa kwa mafuta zaidi au kwa kondensa kubwa na pampu kubwa.

La pili ni maji matamu. Mvuke huzunguka, lakini kila siku kuna yanayopotea kwenye vali, filimbi na vibomba vya kutolea maji, na yanajazwa na maji safi tu. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, inaganda ukutani mwa boila, chuma chini yake kinapata joto kupita kiasi na kuvimba. Maji matamu ya mji wa Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kila mtu anajua hali yake. Hayo si ya kuchemshia meli. Ungehitaji mtambo wa kusafisha maji ya bahari humohumo chomboni.

Mrija mmoja wa kondensa ukitoboka, chumvi inaingia kwenye maji ya boila bila mtu kuona. Kipimo ni rahisi: chota maji ya kondensa kwenye chupa safi, dondoshea nitrati ya fedha. Yakibaki maangavu, salama. Yakifanya wingu jeupe, kuna chumvi, na unatafuta mrija siku hiyohiyo, si baada ya safari. Huo mrija hupigwa kizibo ncha zote mbili na kazi inaendelea hadi matengenezo ya msimu.

JahaziMatondoni

Mnazungumza mita 73. Nani atainunua? Kama anachotaka mwenye kuuliza ni gurudumu la kuwafurahisha wageni na chombo cha maji machache, basi fikirieni chombo cha mbao cha mita 14 hivi, tumbo bapa, kina kisizidi sentimita 70. Dizeli moja ndogo iendeshe pampu ya haidroliki, na kila gurudumu liwe na mota yake. Hapo unapata kile ambacho Waverley haina: gurudumu la kulia mbele, la kushoto nyuma, chombo kinazunguka palepale. Shida ya usukani aliyoitaja Nahodha inaisha.

Hesabu ya mwendo: gurudumu la kipenyo cha mita 1.8 ukipima katikati ya makafi, mizunguko 40 kwa dakika, makafi yanakwenda noti 7.3. Toa robo kwa kuteleza majini, chombo kinabaki na noti 5 na nusu. Kwa matembezi ya jioni inatosha, ila kupanda dhidi ya mkondo wa bamvua utaona jeti haikaribii.

Ukingo wa juu wa kafi lililo chini kabisa uzame vidole vinne hivi chombo kikiwa na abiria. Ukizidisha, injini inanyanyua maji. Ukipunguza, inapiga povu. Kwa hiyo pima baada ya watu kupanda. Vishikio vya shafti ya gurudumu vitobolewe matundu mawili matatu ya kurekebishia kimo chake, kwa sababu mara ya kwanza hakuna anayepatia.

Makafi nitafanya ya mbambakofi, bolti zilizopakwa zinki. Adui ni mdudu anayetoboa mbao za majini. Tumbo la chombo lina deheni (mafuta ya kupaka ya kuzuia wadudu), lakini kafi ukilipaka deheni, maji yanalisugua likaisha. Basi lisilale majini: chombo kikifungwa, zungusha gurudumu robo kila siku ili makafi yapokezane kukauka. Na wavu. Mishipi na nyavu kuukuu zinazoelea huku kwetu zitajisokota kwenye kitovu kabla ya gogo lolote. Weka mlango kwenye kisanduku unaoingia mtu na kisu, na swichi ya kuzima pampu iwe palepale mlangoni, yenye kufuli, ufunguo akae nao yule aliyeingia.

Ukaguzi wa KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, upitie michoro kabla ya kukata mbao hata moja. Chombo cha abiria chenye tumbo bapa na sitaha ya juu wataulizia uthabiti wake abiria wote wakiwa upande mmoja, na kuongeza upana baada ya mataruma (mbavu za chombo) kusimama ni kuvunja upya.

MkunguniLeo

Mwenyezi Mungu awalipe. Nitawasomea barazani. Nahodha, moja tu: kwa chombo hicho cha Matondoni, Mkanda jioni unapitika saa ngapi?

NahodhaWaManda

Inategemea mwezi. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alasiri. Ingia Mkanda saa tisa na nusu, maji bado yanapanda, geuza kabla ya saa kumi na moja. Ukisema ungoje jua lizame ukiwa upande wa Pate, utarudi maji yameshatoka nusu, na ukipanda tope maji yakiwa yanapwa utakaa hapo na wageni hadi usiku wa manane. Maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, ni kinyume: alasiri ndipo yanapokuwa machache, yanajaa saa nne usiku hivi, kwa hiyo wiki hiyo usiguse Mkanda jioni. Peleka wageni mbele ya mji, Shela na Ras Kitau, kuna kina wakati wote.